Je, Wajua? Gemu ya Magenge Iliyokosa Majirani

Je, wajua kwamba miaka 11 kabla ya watu kuzagaa mitaani, simu mkononi, wakisaka Pokémon, kulikuwa na kifaa cha gemu kilichoahidi kukutoa nyumbani ukagombee mtaa wako mwenyewe? Kifaa kiliitwa Gizmondo, na gemu iliyoahidiwa iliitwa Colors, kwa rangi ambazo magenge ya Marekani hujitambulisha nazo. Wewe ungekuwa mkuu wa genge. Kifaa kingesikiliza setelaiti, kingejua umesimama wapi, na mahali hapo pangekuwa himaya yako mpaka mwenye Gizmondo mwingine aje akupokonye. Ilinadiwa kuwa gemu ya kwanza ya GPS kwenye kifaa cha gemu cha mkononi. Haikufika dukani. Kampuni ilifilisika mapema mwaka 2006, na Colors ikazikwa nayo.

Wengi wakisimulia habari za Gizmondo hukimbilia gari jekundu lililokatika vipande viwili. Tutafika kwenye gari hilo, maana halirukiki. Lakini swali linalonisumbua mimi ni la kawaida zaidi: hata kama kampuni ingeongozwa na malaika, gemu ile ungecheza na nani?

Kampuni iliyotoka kwenye mazulia

Je, wajua kwamba kampuni mama ya Gizmondo ilianzia kwenye biashara ya sakafu? Tiger Telematics ya Jacksonville, Florida, hapo awali iliitwa Floor Decor. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaungana na wafanyabiashara wenye asili ya Sweden, ikabadili jina, ikaacha mazulia na kuingia kwenye mitambo ya kufuatilia magari kwa setelaiti. Ukiijua asili hiyo utaelewa kwa nini GPS haikutiwa ndani ya Gizmondo kama pambo. Jina la kwanza la kifaa lilikuwa Gametrac, na miongoni mwa sifa zilizotangazwa ni kwamba mzazi angeweza kujua mwanawe yuko wapi. Mtoto wa miaka 14 anayefurahia zawadi ya namna hiyo bado hajazaliwa.

Umbo lake lilibuniwa na Rick Dickinson, Mwingereza yuleyule aliyebuni umbo la kompyuta za Sinclair ZX81 na ZX Spectrum zilizoingia katika mamilioni ya nyumba miaka ya 1980. Ndani kulikuwa na Windows CE, prosesa ya Samsung ya megahezi 400, chipu ya picha kutoka Nvidia, kioo cha inchi 2.8, kamera, Bluetooth, nafasi ya memori kadi na nafasi ya laini ya simu. Laini hiyo haikuwa ya kupiga. Ilikuwa ya meseji na ya data ya GPRS, ile intaneti ya kusubiri.

Tusiwadhihaki waliokibuni. iPhone ya kwanza, iliyotoka mwaka 2007, haikuwa na GPS kabisa. Ilibidi kungoja toleo la mwaka 2008. Gizmondo ilikuwa nayo miaka mitatu kabla, pamoja na kamera na laini, kwenye kitu kinachoenea kiganjani. Kwa upande wa vyuma, watu wale waliona mbali.

Punguzo la pauni 100 kwa matangazo ambayo hayakuja

Gizmondo ilianza kuuzwa Uingereza tarehe 19 Machi 2005 kwa pauni 229. Siku nane tu kabla yake, Nintendo DS ilikuwa imeingia Ulaya, na Uingereza iliuzwa pauni 99. Septemba mwaka huohuo Sony wakaleta PSP kwa pauni 179. Kwa hiyo kifaa kisichojulikana, chenye gemu chache, kilikuwa ghali kuliko vifaa vya makampuni mawili makubwa katika biashara hiyo. Kulikuwa na duka la fahari Regent Street, London, na sherehe ya uzinduzi iliyotumbuizwa na wasanii wakubwa, Sting akiwamo.

Kwa wasio na uwezo wa pauni 229 kulikuwa na toleo la pauni 129. Sharti lake: ukubali kutumiwa matangazo, hadi matatu kwa siku. Huduma hiyo iliitwa Smart Adds, na hiyo herufi ya ziada waliiweka wenyewe. Kifaa kingejua uko wapi, kingekuletea tangazo au kuponi ya duka, kisha ramani ingekuongoza hadi mlangoni. Leo simu zetu zinafanya hivyohivyo bila kutupunguzia hata senti. Ila mwaka 2005 matangazo yenyewe hayakuwahi kuanza, kwa hiyo walionunua toleo la bei nafuu walipata punguzo la bure kabisa. Katika kisa kizima, hao ndio pekee waliotoka na faida.

Marekani kifaa kilifika Oktoba 2005, kikauzwa kwenye vibanda ndani ya maduka makubwa badala ya madukani kwenyewe. Wakati huohuo habari zilikuwa zimeshavuja kwamba toleo jipya lenye kioo kipana linakuja mwaka unaofuata. Nani atanunua cha leo akijua cha kesho ni bora? Mpaka mwisho, gemu zilizotoka Ulaya zilikuwa 14, na Marekani 8. Colors haikuwa miongoni mwao, ingawa ndiyo gemu iliyoahidiwa kuitumia GPS.

Setelaiti haijui uko wapi

Je, wajua kwamba setelaiti ya GPS haikuoni, haikusikii, wala haina habari kama upo? Setelaiti hizo ziko juu kiasi cha kilomita 20,200, na kazi yao ni kutangaza tu: saa ni ngapi, na mimi niko wapi angani. Kipokezi kilicho mkononi mwako kinasikiliza zisizopungua nne, kinapima mawimbi ya kila moja yamechelewa kiasi gani (safari nzima ni kama sehemu saba za mia za sekunde), kisha kinapiga hesabu ya mahali ulipo. Hakuna kinachorudi juu. Ukipotea jangwani na GPS peke yake, wewe utajua ulipo, na dunia haitajua.

Kinachokuanika ni laini ya simu. Na hapo ndipo gemu kama Colors inapopata ugumu. Kifaa kingepata mahali kutoka angani bila malipo, lakini ili genge pinzani lijue kuwa mtaa umetekwa, habari hiyo ilibidi isafiri kwa GPRS mpaka kwenye kompyuta za kampuni na kurudi kwa mpinzani. Data ya simu Ulaya ya mwaka 2005 haikuwa ya kumwagwa. Himaya yako ingekuwa na kodi, na mtoza kodi angekuwa kampuni ya simu.

Kuna pia suala la subira. Setelaiti ya GPS hutuma taarifa zake kwa kasi ya biti 50 kwa sekunde. Si kilobiti, ni biti. Orodha ya setelaiti zote na njia zao huchukua dakika 12 na nusu kupokewa yote. Simu za leo hukwepa foleni hiyo kwa kuchota taarifa hizo kwenye intaneti, ndiyo maana kile kidoti cha buluu hutokea mara moja. Kipokezi cha miaka ile kikiwashwa baada ya kulala kwa muda mrefu kiliweza kukuacha umesimama nje dakika kadhaa, mkono juu, ukingoja kujua kama uko kwako.

Saa zinazokimbia

Saa za atomiki zilizomo ndani ya setelaiti hizo hukimbia kuliko za duniani kwa maikrosekunde 38 hivi kila siku. Albert Einstein alishaeleza sababu: mvutano wa dunia kule juu ni mdogo, jambo linaloziharakisha kwa maikrosekunde 45, na mwendo wao mkali unazichelewesha kwa 7. Wahandisi huzirekebisha. Wasingefanya hivyo, ramani ingepotea kwa zaidi ya kilomita 10 kwa siku moja tu, na mkuu wa genge wa mtaa wa Camden, London, angeamka akitawala kitongoji asichowahi kukiona.

Kosa la makusudi

Je, wajua kwamba hadi mwaka 2000 Marekani iliiharibu GPS ya raia kwa makusudi? Mfumo ulijengwa na jeshi. Ulifunguliwa kwa dunia kwa ahadi ya Rais Ronald Reagan baada ya msiba wa tarehe 1 Septemba 1983, ndege ya abiria ya Korea ilipopotea njia, ikaingia anga ya Kisovieti na kutunguliwa. Watu 269 walikufa. Lakini raia walipewa mawimbi yaliyochanganywa kosa, ili mahali pako paonekane hadi mita 100 kando ya ulipo kweli.

Mei 2000, Rais Bill Clinton akaamuru kosa hilo liondolewe. Usiku mmoja, vipokezi duniani kote vikawa sahihi mara kadhaa kuliko jana yake. Siku iliyofuata, Mei 3, mtaalamu wa kompyuta aitwaye Dave Ulmer akaficha ndoo msituni karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza namba za mahali ilipo kwenye intaneti na kuwaambia watu waitafute. Ndani alitia vitabu, manati, kopo la maharagwe na vikorokoro vingine. Katika siku chache ilikuwa imeshapatikana. Huo ndio mwanzo wa mchezo wa kusaka hazina kwa GPS unaochezwa mpaka leo karibu kila nchi.

Mchezo wa Ulmer hauhitaji mpinzani. Anayeficha anaweza kuficha Jumatatu, anayetafuta akaja mwaka unaofuata. Wawili hao hawana haja ya kuwa mahali pamoja kwa wakati mmoja, wala kuwa na kifaa cha aina moja. Ndoo inangoja tu.

Risasi kwa meseji

Kabla ya Gizmondo, Sweden ilikuwa imeshajaribu vita vya mitaani kwa simu za kawaida. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya It's Alive ya Stockholm ilitoa BotFighters. Ulijiundia roboti kwenye tovuti, kisha ukiwa mjini unatuma meseji kumsaka adui. Mtandao wa simu ulikadiria mahali pako kwa mnara uliokushika, na kama adui alikuwa karibu, ulimpiga kwa meseji nyingine. Hapakuwa na kioo cha rangi wala ramani. Kipimo cha mahali kilikuwa cha kubahatisha, mita mia kadhaa mjini na kilomita nzima huko nje ya mji.

Hata hivyo mchezo ule uliishi, ukavuka hadi nchi nyingine, Urusi ikiwamo. Sababu ni nyepesi: kifaa chake kilikuwa tayari mfukoni mwa kila mtu. Aliyetaka kucheza hakuambiwa atafute pauni 229.

Himaya ya kilomita 10 bila adui

Sasa tupige hesabu ambayo sidhani mtu wa mauzo aliipiga kwa sauti. Gizmondo zilizouzwa hazikufika 25,000, Ulaya na Marekani kwa pamoja. Tuwe wakarimu: tuseme zote zilibaki Uingereza, na kila mwenye nayo alinunua Colors. Uingereza ina ukubwa wa zaidi kidogo ya kilomita za mraba 240,000. Kila mchezaji angekuwa na karibu kilomita 10 za mraba za peke yake. Kwa kipimo hicho Unguja nzima, kuanzia Nungwi hadi Makunduchi, ingekuwa na vifaa kama 160, na vingi vingekuwa kabatini, betri imekwisha.

London ingekuwa na unafuu, maana wanunuzi hukusanyika mjini. Lakini mji nao una shida yake. Mawimbi ya GPS yakifika chini huwa dhaifu mno, dhaifu kuliko kelele za redio zilizo hewani, na kipokezi huyachambua kwa ufundi wa hesabu. Katikati ya maghorofa yanagonga ukuta huu, yanaruka ukuta ule, yanafika yamechelewa, na kifaa kinadhani uko mtaa wa pili. Ndani ya nyumba au kwenye treni ya chini ya ardhi hayafiki kabisa. Na watu hucheza gemu za mkononi wapi? Kitandani, kwenye kochi, kwenye basi. Colors ingemtaka kijana asimame kwenye kona ya barabara, kifaa cha gharama kikiwa hewani, akingoja genge ambalo huenda liko umbali wa vituo sita vya treni.

Ndiyo maana siamini kwamba kufilisika ndiko kulikoiua. Kulituepusha na kuiona ikifa polepole. Mwenye PSP alicheza peke yake na akafurahi. Mwenye Colors angehitaji jirani, na jirani ndicho kitu pekee ambacho kisingekuwemo kwenye boksi.

Gari lililokatika katikati

Haya, gari. Oktoba 2005, wakuu wawili wa Gizmondo, Carl Freer na Stefan Eriksson, walijiuzulu baada ya gazeti la Sweden kuandika kuhusu historia ya Eriksson, ambaye miaka ya 1990 alifungwa nchini humo kwa makosa makubwa ya ulaghai. Mwanzoni mwa 2006 Gizmondo Europe iliingia mikononi mwa wafilisi ikiwa na madeni ya takriban dola milioni 300.

Tarehe 21 Februari 2006, alfajiri, Ferrari Enzo nyekundu, moja ya magari ya aina yake yaliyotengenezwa 400 tu, iligonga nguzo kwenye barabara ya Pacific Coast huko Malibu, California. Polisi walikadiria mwendo wake kuwa kama kilomita 260 kwa saa. Gari likapasuka vipande viwili. Eriksson alikutwa pale amechanika mdomo tu, akawaambia polisi kwamba dereva alikuwa mtu aitwaye Dietrich aliyekimbilia vilimani. Dietrich hakupatikana. Baadaye mwaka huo Eriksson alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa ubadhirifu wa magari ya kukodi na kumiliki bunduki isivyo halali.

Ni kisa kitamu, nakubali, na kimeandikwa mara nyingi kuliko gemu zote za Gizmondo zikijumlishwa. Ubaya wake ni kwamba kimewapa watu jibu rahisi la kwa nini Colors ilikufa.

Malindi nako kumo

Tuliache gari, turudi kwenye GPS. Je, wajua kwamba pwani ya Kenya inashiriki katika kumsaidia kila mtu duniani kujua yuko wapi? Malindi kuna kituo cha anga kilichojengwa na Waitaliano miaka ya 1960 chini ya Luigi Broglio, pamoja na majukwaa ya kurushia roketi ndani ya bahari mbele ya Ngomeni. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka hapo setelaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei ya nyota, ikapewa jina Uhuru. Roketi zilinyamaza mwishoni mwa miaka ya 1980, lakini kituo kiliendelea kufuatilia setelaiti, na Malindi ikawa miongoni mwa sehemu zenye vipokezi vya mtandao wa kimataifa unaopima njia za setelaiti za GPS kwa usahihi mkubwa.

Mahali penyewe pana thamani. Karibu na ikweta, tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme huvurugika zaidi kuliko Ulaya, hasa saa chache baada ya jua kutua, na mawimbi ya GPS yakipita humo huchelewa na kuyumba. Jua likiwa kwenye miaka yake ya ghasia, hali huwa mbaya zaidi. Kwa hiyo mchezaji wa Mombasa saa mbili usiku na mchezaji wa Manchester saa hiyohiyo hawapewi GPS ya ubora mmoja, hata wakiwa na kifaa pacha.

Waliokopa dunia iliyokwishakuwepo

Wabunifu waliofanikiwa kuingiza mahali ndani ya gemu walifanya hivyo kwa kutowategemea wateja wao wenyewe. Mwaka 2003 Konami walitoa Boktai kwa ajili ya Game Boy Advance, kazi iliyosimamiwa na Hideo Kojima. Kaseti yake ilikuwa na kihisio cha mwanga. Ili upate nguvu za kuua vampaya, ilibidi utoke nje juani. Jua lipo kila mahali, halina toleo la bei nafuu, na halihitaji mchezaji mwenzako alinunue. Huenda Uingereza si soko bora kwa gemu hiyo, lakini wazo lilisimama.

Sony nao waliuza kipokezi cha GPS cha kuchomeka juu ya PSP, kikianzia Japani Desemba 2006. Metal Gear Solid: Portable Ops ilikitumia kukupatia askari wapya kulingana na mahali ulipo, na asiyekuwa nacho aliweza kuwapata kwa kunasa mawimbi ya waifai ya mtaani. Mwaka 2009 Treasure World ya Nintendo DS ilikwenda mbali zaidi: kila ruta ya waifai uliyopita karibu nayo iligeuka hazina. Jirani yako alikuwa anachangia gemu yako bila kujua, kwa kuwa tu na intaneti sebuleni. Nikiwa mwalimu wa wabunifu wa gemu ningeanza somo na hiyo.

Kisha ikaja Niantic ya John Hanke, mtu aliyeongoza kampuni ya Keyhole iliyozaa Google Earth. Gemu yao ya Ingress ilianza majaribio Novemba 2012, na ukiitazama vizuri ni Colors bila bunduki: pande mbili zinagombea maeneo halisi ya mji. Tofauti ni kwamba maeneo hayo yalikuwa minara ya kumbukumbu, sanamu, picha za ukutani, mengine yakitoka kwenye orodha za alama za kihistoria, na mengi yakipendekezwa na wachezaji. Hata ukiwa peke yako, sanamu ipo. Na kifaa chake kilikuwa simu.

Maeneo hayo ndiyo yaliyotumika tena kwenye Pokémon Go, Julai 2016. Wazo lake lilikuwa limechokonolewa na mzaha wa Aprili Mosi 2014, Google Maps ilipowaruhusu watu kusaka Pokémon kwenye ramani. Hata hivyo Niantic wenyewe hawakupata bahati mara mbili. Gemu ya Harry Potter waliifunga Januari 2022. Juni mwaka huo wakafuta miradi minne kwa mpigo, ikiwamo ya Transformers, na mwaka uliofuata wakaifuta ya mashujaa wa Marvel. Mwaka 2025 biashara yao ya gemu ikauzwa kwa kampuni ya Scopely kwa dola bilioni 3.5. Kumbe hata mwenye ramani, simu za watu wote na jina la Pokémon hupata shida kuujaza mtaa mara ya pili.

Ukikutana na Gizmondo mnadani

Mwaka 2008 zilitoka habari kwamba Gizmondo itafufuliwa kwa toleo jipya. Halikutoka. Vilivyobaki ni vifaa vya wakusanyaji, na huuzwa kwa bei nzuri kuliko vilivyostahili vilipokuwa vipya.

Ukikipata kimoja, usiamini tarehe itakayotoka angani. Mfumo wa zamani wa GPS huhesabu wiki kwa biti 10 tu, yaani hadi wiki 1,024, kisha huanza tena sifuri. Ni kama miaka 19 na miezi 7. Mzunguko wa kwanza ulikwisha Agosti 1999, wa pili usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2019, na siku hiyo vipokezi vingi vya zamani visivyoboreshwa vilijiona vimerudi nyuma karibu miongo miwili. Mahali ulipo vilipatia. Mwaka ndio vilikosea. Mzunguko wa sasa utaisha Novemba 2038.